Kipimo cha Bahari Hakina Likizo

Iko tabia moja iliyozoeleka katika visiwa vyetu, na leo tunapenda kuisema wazi. Hali ya hewa huzungumzwa pale tu inapotudhuru. Paa likiezuliwa, dau likipotea, au bonde la mpunga likiingiwa na maji ya chumvi, viongozi hufika, pole hutolewa, na kila mtu huwa mtaalamu wa upepo kwa muda wa siku tatu. Bahari ikitulia, kimya. Wale watumishi wanaoamka alfajiri kwenda kusoma kipimamvua na kipimajoto kituoni husahauliwa mpaka maafa mengine yaingie. Sisi tunaona kwamba tabia hiyo ni ya hatari, na kwamba kila yanapoandaliwa makadirio ya fedha, Unguja na Dodoma, fungu la kupima hewa na bahari halistahili kuwa la kwanza kukatwa kwa hoja kwamba mwaka huu hakukuwa na jambo.

Kabla ya kwenda mbali, tuondoe dhana moja. Hakuna mtu wa Visiwani anayehitaji kufundishwa kwamba hewa ni elimu. Wazee wetu waliijua kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha. Baina ya pepo hizo mbili walizitambua siku za maleleji, ambapo nahodha mwenye busara hakuiamini bahari hata ikiwa shwari. Manahodha na wakulima walihesabu mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wakaugawa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na kwa hesabu hiyo wakajua lini kutia mbegu na lini kupandisha chombo pwani. Ndugu zetu wa Makunduchi wanauadhimisha mwaka huo hadi leo kila Julai, ingawa wageni wengi wanaokuja kutazama huona ngoma tu wasione kalenda. Kutazama, kuhesabu, kukumbuka na kumrithisha mwingine: hiyo ni sayansi, wala haikungojea meli ya mtu yeyote itufikie.

Hata hivyo elimu hiyo ilijengwa juu ya sharti moja, nalo ni kwamba mwaka ujao utafanana na miaka iliyopita. Sharti hilo ndilo linalolegea. Mwaka 2024, kwa hesabu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikuwa wa kwanza ambapo wastani wa joto la dunia ulipita kwa zaidi ya nyuzi 1.5 ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. Mzee aliyejifunza bahari kwa baba yake, naye baba kwa babu, ana haki ya kushangaa anapoona alama alizorithi hazimtimizii ahadi. Si kwamba amesahau. Bahari yenyewe imeanza kusema maneno mapya.

Gharama ya kutojua tunayo katika historia yetu wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'olewa mashamba kwa mashamba, vyombo vikavunjika bandarini, zikiwemo merikebu za Sayyid Barghash. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili kwa muda wa zaidi ya karne, na hapakuwa na mtu aliyeonywa hata kwa saa moja.

Wataalamu hutuambia kwamba tukio lile ni la nadra, nao wana sababu. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la kiasi cha nyuzi 27, na huhitaji msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia ili upepo uanze kujizungusha. Karibu na ikweta msukumo huo ni dhaifu mno. Pemba iko kwenye nyuzi 5 kusini ya ikweta, Unguja 6, Mafia karibu 8, na ndiyo maana vimbunga vingi hupita mbali nasi vikaenda kuwaumiza watu wa Madagaska, Morisi na Msumbiji. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1952 Lindi ilipigwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, wiki kama sita baada ya Idai kuiharibu Beira. Kama joto la bahari litaongeza idadi ya vimbunga, jambo hilo bado linajadiliwa na wanaolisoma. Wanachokubaliana ni kwamba vile vitakavyokuja vitabeba mvua nyingi zaidi, na kwamba sehemu ya vile vikali miongoni mwao itakua.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo linalofuata limewahi kuleta maneno mengi barazani. Aprili 2021 wananchi walitahadharishwa juu ya kimbunga Jobo. Watu waliambiwa wakae tayari, wavuvi waliambiwa wasitoke. Jobo kikadhoofika baharini kabla ya kuigusa pwani, na kilichofika hakikuwa kimbunga tena. Kicheko kikafuata. Walisikika waliosema kwamba watabiri wanatishia watu bure, na kwamba mvuvi aliyekaa nyumbani amelala na njaa kwa neno la mtu aliyekaa ofisini. Miaka mitatu baadaye kikaja Hidaya. Safari hii kimbunga kilifika Mafia, tarehe 4 Mei 2024. Meli baina ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa, na mvua iliyofuata ikaikata barabara kuu iendayo Lindi. Tujiulize: kama wakubwa wa bandari wangekumbuka kicheko cha mwaka 2021 na kuogopa kuchekwa tena, ni watu wangapi wangekuwa njiani siku ile?

Utabiri wa hali ya hewa si ramli. Mpiga ramli husema jambo litakuwa, basi. Mtabiri hupima hewa kwa vyombo, hutazama picha za setilaiti, huitia hesabu katika kompyuta, kisha husema kuna uwezekano wa kiasi fulani. Akisema uwezekano ni saba katika kumi, maana yake ni kwamba mara tatu katika kumi jambo halitatokea, na mara hizo tatu hatakuwa amekosea. Ni kama nahodha anayepunguza tanga aonapo wingu jeusi. Wingu likipita bila dhoruba, hakuna abiria mwenye akili atakayemtukana. Hasara ya tahadhari iliyozidi ni nauli ya siku moja na kitoweo cha siku moja. Hasara ya tahadhari iliyopungua tunaijua sote, wala hatuna haja ya kuwakumbusha jamaa waliopotelewa na watu wao karibu na Chumbe mwezi Julai 2012, kusi ikivuma, ilipozama Skagit. Hata hivyo ile njaa ya mvuvi ni ya kweli, na serikali inayomwambia asitoke ingefaa pia kufikiria atakula nini siku hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloonekana kuwa kavu, lakini kwetu ndilo kiini: kazi ya kupima kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna kinachotokea.

Katika kisiwa cha Hawaii, kati kati ya bahari ya Pasifiki, uko mlima uitwao Mauna Loa. Mwaka 1958 mtaalamu wa Kimarekani, Charles David Keeling, alianzisha huko kipimo cha hewa ya ukaa, ile itokayo katika moto, magari na mitambo. Alikuta sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya dunia kuanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi ilikuwa karibu 280. Leo imepita 420. Mwaka mmoja wa kipimo usingeonyesha kitu. Ni mfululizo wa miaka ndio ulioonyesha kwamba mstari unapanda bila kurudi. Na mfululizo huo nao uliponea chupuchupu: mwaka 1964 fedha zilikatwa, kipimo kikasimama kwa muda, na pengo lile limebaki katika daftari mpaka leo. Novemba 2022 mlima wenyewe uliwaka, ziha ya moto ikakata njia na umeme, na wahusika wakahamishia kipimo kwenye mlima wa jirani ili hesabu isikatike. Huo ndio moyo tunaoutaka hapa kwetu.

Kwa maana sisi pia tuna kipimo chetu. Bandarini Unguja, tangu mwaka 1984, kipo chombo kinachoandika kujaa na kupwa kwa maji, nacho ni miongoni mwa vile vinavyotumiwa na dunia nzima kujua hali ya Bahari ya Hindi. Watu wengi hupita karibu nacho wakienda kupanda boti bila kujua kwamba kipo. Kilichoandikwa na chombo hicho ni somo kubwa. Wakati kina cha bahari duniani kilikuwa kinapanda, kwetu, kwa miaka mingi ya mwanzo, kilikuwa kinashuka kidogo. Mtu mwenye haraka angeweza kusema: tazameni, habari ya bahari kupanda ni uzushi wa wazungu. Watafiti hawakusema hivyo, wala hawakuificha hesabu hiyo kwa kuwa haikupendeza. Mwaka 2010 walichapisha maelezo yao: pepo kuu za Bahari ya Hindi zilikuwa zimebadilika, na kubadilika kwake kuliyasukuma maji mbali na upande wa Unguja na Shelisheli, yakajaa kwingine. Upepo ulikuwa unatukopesha muda. Deni hilo limeanza kudaiwa, kwani tangu mwanzoni mwa karne hii maji ya upande wetu nayo yamekuwa yakipanda.

Kwa dunia yote, tangu mwaka 1901 hadi 2018, bahari ilipanda kiasi cha sentimita 20. Si nyingi, mtu atasema, ni kiganja kimoja. Lakini mkulima wa mpunga wa Kisiwa Panza, ambaye bonde lake liko karibu sawa na maji, hahitaji mita nzima ili apoteze shamba. Bamvua moja lenye upepo nyuma yake linamtosha.

Tunasema haya ili ieleweke kwamba kipimo kilichokatika katikati kinaweza kudanganya kuliko kutokuwa na kipimo kabisa. Kama chombo cha bandarini kingeharibika mwaka 2000 na kuachwa bila matengenezo, leo tungekuwa na karatasi inayotuambia kwamba bahari ya Unguja inashuka, na yumkini kuna mtu angejenga ukuta au hoteli kwa kuitegemea karatasi hiyo.

Mvua zetu nazo zina hadithi ya namna hiyo. Vuli ya mwaka 1961 ilinyesha kupita kiasi katika Afrika Mashariki, hata Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Wakati ule hakuna aliyeweza kueleza sababu. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1999 ndipo wataalamu wa Japani na India, wakichambua kumbukumbu za zamani, walipoonyesha kwamba Bahari ya Hindi ina mizani yake. Upande wa Sumatra ukipoa na upande wetu ukipata joto, upepo wa ikweta hugeuka, mawingu hutujia sisi, na vuli hufurika. Huko Indonesia na Australia hukauka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na ndivyo ilivyokuwa 2019, ambapo sisi tulilia na maji wakati Australia ikilia na moto. Mizani ikielemea upande wa pili, vuli yetu hupungua. Kwa kuwa dalili zake huanza kuonekana baharini miezi kadhaa kabla, leo mkulima anaweza kupata habari ya vuli ingali mbali. Yote hayo yalipatikana kutoka katika madaftari ambayo watu fulani, wengi wao wasiojulikana majina, waliyajaza kwa miaka bila kujua yatafaa nini.

Masika ni kitendawili kigumu zaidi. Tangu miaka ya 1980 ilionekana kupungua kwa muda mrefu, ilhali kompyuta kubwa za dunia hutabiri kwamba itaongezeka. Hatuoni aibu kuyasema hayo katika gazeti, wala wanasayansi hawaoni aibu. Ni sababu nyingine ya kuongeza vituo vya kupimia, kwa vile Afrika ndiyo yenye vituo vichache kuliko mabara mengine ukilinganisha na ukubwa wake, na kompyuta haiwezi kukisia vizuri mahali ambapo hakuna aliyeipa namba. Hata baharini mambo hayakuwa mepesi. Maboya ya kupimia yaliyokuwa yatandazwe katika Bahari ya Hindi yalichelewa upande wetu wa magharibi kwa sababu ya maharamia wa Kisomali, meli za utafiti zikaogopa kupita, na habari za upepo kutoka kwenye meli za biashara zikapungua katika eneo lile. Baadhi ya maboya, na hili tuliseme, huharibiwa na wavuvi wanaoyafunga vyombo au kukata vifaa vyake. Boya ni mali ya mvuvi kabla ya kuwa mali ya mtu mwingine yeyote.

Wanawake wa Paje na Jambiani nao wana ushahidi wao. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na aina ya kottoni, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji ya pwani yanayochemka wakati wa kiangazi. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja imejaribu kuuhamishia mwani huo kwenye maji ya kina. Jambo jema, ila maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi hawana hicho wala hawakufundishwa hicho.

Pamoja na hayo yote, hatukubali mabadiliko ya hewa yawe kichaka cha kujifichia. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kwa sababu ilipakia watu na mizigo kupita kiasi. Hilo halikuwa kosa la hewa ya ukaa. Mitaro iliyozibwa na taka, mikoko iliyokatwa kwa kuni na chokaa, mchanga unaochotwa ufukweni, nyumba zinazojengwa katika njia ya maji: haya yana wenyewe, na wenyewe wanajulikana. Ni kweli kwamba Afrika nzima haitoi hata sehemu 5 katika mia ya hewa chafu ya dunia, na mataifa yaliyotajirika kwa moshi yana deni kwetu. Tutalidai. Lakini mwenye kudai hana budi kuwa na daftari, na daftari la deni hili huandikwa kwa vipimo vyetu wenyewe.

Linalobaki ni la kiutawala, na tunawaelekea wakubwa wanaohusika. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano. Uvuvi wa Visiwani, kilimo cha Visiwani na kukabiliana na maafa ya Visiwani si mambo ya Muungano. Kwa hiyo onyo likitoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa linapita mikono mingi kabla ya kumfikia sheha, na kutoka kwa sheha hadi kwa bwana diko, na kutoka kwa bwana diko hadi kwa kijana aliyekwenda dago na simu isiyo na moto. Katika kila mkono onyo linaweza kulala. Tunaomba serikali zote mbili zikae pamoja na kuandika, kwa majina na kwa saa, nani anapaswa kumwambia nani, na nani ana amri ya kuzuia chombo kisitoke hata kama mwenye chombo ni mtu mkubwa.

Lugha nayo itazamwe. Mvuvi akiambiwa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, anasikia namba. Akiambiwa kwamba kusi itachafuka tangu adhuhuri, kwamba ngalawa na mitumbwi isivuke nje ya miamba, na kwamba mashua zirudi kabla ya maji kuanza kutoka, anajua la kufanya. Namba zisiondolewe, zifuatane na maneno hayo, na bendera ipandishwe katika kila diko kwa wale wasio na redio. Wazee wa bahari waitwe kushauri juu ya maneno, kwani ndio wenye msamiati.

Na kila mwaka, Baraza la Wawakilishi linapojadili makadirio, tungependa Waziri anayehusika asimame na jedwali fupi: vipimamvua vya Unguja na Pemba ni vingapi, vilivyofanya kazi mwaka mzima ni vingapi, chombo cha bandarini kiliandika siku ngapi, na siku ambazo hakikuandika ni zipi, na kwa nini.